Kabla Hujatangaza Nyumba Yako ya Kupangisha

Rangi imekauka, sasa unatafuta mpangaji wa kwanza. Kabla hujamtumia dalali picha, andika tangazo mwenyewe.

Kodi iwe kwa tarakimu, na useme unapokea ya miezi mingapi. "Bei maelewano" inawamalizia watu nauli bure. Hela ya dalali itajwe. Choo ni cha ndani au cha kuchangia? Sema. "Dakika tano kutoka lami" ni dakika za bodaboda, kwa hiyo taja nauli ya boda toka kituoni, na kama njia haipitiki masika, hilo nalo lisifichwe.

Umeme sasa, na hapa unisikilize vizuri. Mtaani kwetu Kinyerezi, Dar es Salaam, nyumba ilitangazwa "chumba na sebule, LUKU inajitegemea", yaani mita ya umeme wa kulipia kabla ni yako peke yako. Mama mmoja akalipa miezi sita, akahamia na wanawe. Kumbe mita ni moja kwa wapangaji watatu, na mmoja wao anagandisha barafu za kuuza. Uniti za wiki zikawa zinakwisha siku mbili. Akiomba kila mtu achangie kwa matumizi yake, anajibiwa mchango ni sawa kwa wote. Ahame? Pesa yake mwenye nyumba alishanunulia mabati ya banda la uani, hairudi. Akazima friji, watoto wakawa wanasomea tochi ya simu mpaka kodi ilipoisha. Aliyelipa nusu mwaka mbele hana pa kukimbilia, na kilichomfanya alipe ni maneno yako.

Basi andika mita ni ngapi, wanachangia wangapi, kwa utaratibu gani. Kama ni moja, funga mita ndogo kwa kila mpangaji kwanza, ndipo utangaze. Na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni mzigo wako wewe mwenye nyumba: eleza utamrudishiaje anayenunua umeme.

Maji ni ya bomba la DAWASA au ya kisima, baridi au ya chumvi, ya kila siku au ya mgao. Geti linafungwa saa ngapi, kuku wanaruhusiwa au la. Hayo asiyasikie akishashusha godoro. Dini na kabila la mpangaji visiingie kabisa.

Ukimkabidhi dalali, lisome tena alilobandika yeye, maana wengine huongeza "maji saa 24" bila kukuuliza. Mkataba uwe wa maandishi, risiti utoe, na anayetaka kuja kuona nyumba usiku mwache aje.