Kabla Hujanunua Barakoa ya Kuzamia, na Kabla Hujaitia Ziwani

Pua iwe ndani. Ukiona pua imebaki nje, hiyo ni miwani ya kuogelea, irudishe rafuni. Wako vijana wengi kwenye mialo yetu ya Ziwa Victoria wanaoshuka nayo mita tatu, nne, kutafuta nanga au jerikani iliyozama, na wanatoka weupe wa macho umevia damu. Hewa iliyofungwa mbele ya jicho husinyaa kadiri unavyoshuka. Kwa kuwa pua haimo, huna njia ya kuiongezea, basi jicho lenyewe ndilo linavutwa kwenda kujaza nafasi, na vishipa vyake vinapasuka. Ukiwa na barakoa unatoa pumzi kidogo kwa pua kila unaposhuka, kazi imekwisha. Zile za uso mzima zenye mrija juu ya paji ni za kuelea ukitazama chini. Hazihusiani na mtungi wa hewa wa kuzamia.

Kioo kiwe kilichoimarishwa kwa joto. Pembeni utaona pamechorwa TEMPERED au herufi T. Kioo hicho kikivunjika kinakuwa punje butu. Kioo cha dirisha kinavunjika vipande virefu, tena sentimita chache kutoka kwenye mboni ya jicho lako. Cha plastiki kinachubuka kwa mchanga na kufunga ukungu kila saa.

Ule ukingo laini unaogusa uso, sketi, uwe wa silikoni. Ukunje kwa vidole, uachie, uone kama unarudi mara moja. Wa PVC ni mgumu, unanuka plastiki, na miaka miwili ya jua la ziwani inatosha kuukausha. Rangi ni hiari yako, ila maji ya Ziwa Victoria ni ya kijani na mara nyingi mkono wako mwenyewe huuoni vizuri, kwa hiyo mimi napenda silikoni angavu inayopitisha mwanga wa pembeni. Itageuka njano baadaye. Njano si kasoro, kasoro ni ukingo ukianza kukakamaa au kujikunja. Ukikuta barakoa nzuri kwenye mitumba ya soko la Owino, Kampala, papasa ukingo wote kwa ncha ya kidole kabla hujaanza kubishana bei.

Sasa uso. Usimwagizie mtu barakoa, wala usikubali kuagiziwa. Huyo anayekuletea kutoka Dubai hana uso wako. Iweke usoni bila mkanda, sukuma nywele zote nyuma, vuta pumzi kidogo sana kwa pua, ondoa mikono. Ikibaki imeshika, jaribu tena ukiwa umeuma mrija wa kupumulia, kwa sababu mdomo ukishika kitu mashavu yanabadilika na barakoa iliyoshika dukani inaanza kuvuja majini. Usivute pumzi kwa nguvu, kwa nguvu hata sahani itashika. Wenye masharubu, punguzeni yale yanayogusa chini ya pua. Ikivuja kidogo dawa yake si kukaza mkanda, maana mkanda ukikazwa sana unapinda sketi na uvujaji unazidi. Uupitishe nyuma ya kichwa pale kilipo kipana, ulegee kiasi cha kuingiza vidole viwili. Kama unavaa miwani ya kusomea au ya mbali, uliza kama kioo cha mfano huo kinabadilishwa kwa namba yako. Ipo mifano inayokubali.

Barakoa mpya ina utando kwenye kioo uliobaki kutoka kiwandani. Huuoni, lakini ndio utakaokuletea ukungu. Sugua ndani kwa dawa nyeupe ya meno, ile ya kawaida isiyo ya jeli, kwa kidole, suuza, rudia. Wako wanaochoma kioo kwa kiberiti cha gesi. Inafanya kazi mikononi mwa anayejua, na inaunguza sketi mikononi mwa wengine. Kama kioo kimepakwa kizuia ukungu tangu kiwandani, usisugue wala usichome. Kabla ya kushuka, mate au tone la shampuu ya watoto, suuza haraka, vaa.

Haya yote utayasikia kwa yeyote aliyewahi kuzama. Lisilosemwa ni dawa ya mbu.

Kikosi chetu kinaitwa na wenye mitumbwi kutafuta injini zilizodondoka. Yuko Mkongo, yuko Mjaluo, yuko kijana wa Arua, na lugha yetu kazini ni Kiswahili kwa sababu ndiyo pekee tunayokutana wote. Tulivuka na meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, tukalala kwenye mwalo mmoja kule kisiwani Bugala. Mbu wa mle ni wa kuhadithiwa. Kijana wa Arua alikuwa na dawa ya kujipaka, ile ya DEET, na chupa yake aliizoea kuiweka kwenye mfuko mmoja na barakoa. Kifuniko hakikukaza. Si mara hiyo tu, ilikuwa ni desturi yake tangu msimu wa mvua uanze. Asubuhi aliitoa barakoa, fremu inanata mkononi. Akaipangusa kwa fulana, akavaa.

Kwenye kina cha kama mita sita akahisi maji yanaingia chini ya jicho. Akavuta mkanda ausogeze. Kishikizo cha mkanda kikakatika kwenye fremu, barakoa ikamtoka usoni.

Asiyewahi kupatwa na hilo atasema, si una hewa mdomoni, pumua tu. Maji baridi yakigonga uso na kuingia puani, mwili unakataa kupumua hata kama mtungi umejaa. Macho hayaoni kitu, hujui juu ni wapi, na akili inakwambia neno moja: panda. Hapo ndipo penye kifo chenyewe. Aliyevuta hewa ya mtungi chini kisha akabana pumzi na kuchomoka juu, hewa iliyomo mapafuni inatanuka njiani na inaweza kuyapasua, hata kwa mita chache. Bahati ni kwamba Mkongo alikuwa karibu. Alimkamata jaketi kwa mkono mmoja, mkono mwingine akakandamiza kifaa cha hewa kisimtoke mdomoni, akamshikilia hivyo hivyo hadi alipoona mapovu yanatoka, ndipo wakapanda polepole. Juu alikohoa mpaka akatapika. Barakoa ilikuwa imenasa kwenye mpira wa hewa, ikapanda naye.

Tuliigeuza mkononi pale mtumbwini. Kuzunguka kishikizo, plastiki ilikuwa na mipasuko myembamba kama nyufa za tope lililokauka, na kwenye fremu alama ya kidole gumba imebaki imechapwa.

“Ulipaka nini hapa?”

“Sijapaka kitu, mzee. Dawa ya mbu tu, nayo ya mikononi.”

DEET inayeyusha aina kadhaa za plastiki, na fremu nyingi za barakoa ni za plastiki ya aina hizo. Silikoni inaistahimili zaidi, ndiyo maana sketi ilikuwa nzima na wala hakuna aliyeshuku. Kwa hiyo: chupa ya dawa isilale na vifaa hata usiku mmoja. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa barakoa, hasa pale mkanda unaposhikana na fremu. Sikuambii uache dawa, malaria ya visiwani haina mzaha. Lala ndani ya chandarua, au tafuta dawa ya ikaridini, hiyo haili plastiki. Jihadhari na petroli vilevile, maana kwenye mtumbwi begi lako litakaa karibu na jerikani ya mafuta upende usipende. Petroli inavimbisha silikoni. Vaseline usipake kwenye sketi, wala losheni ya jua pale inapogusa uso.

Kila kabla ya kazi, pinda kidogo vishikizo vyote viwili ukiwa nchi kavu, tazama mkanda kwenye mikunjo yake. Beba mkanda wa akiba. Na mazoezi ya kupumua kwa mtungi bila barakoa yafanye kwenye bwawa la kuogelea, maji ya kifuani, na mwalimu amesimama hapo, mpaka uchoke nayo.

Baada ya kutoka, suuza kwa maji ya bomba. Watu husema maji ya ziwa si ya chumvi, hayana haja ya kusuuzwa. Yana mwani, yana tope, na ukiacha yakaukie kwenye sketi unyevu wa Entebbe utakuletea kuvu weusi ambao wakishaingia ndani ya silikoni hawatoki tena. Maji ya sabuni, mswaki laini, kisha kivulini mpaka ikauke kabisa. Ihifadhi kwenye boksi gumu, sketi isikunjwe wala isilaliwe na mapezi ya miguuni. Silikoni iliyokaa imekunjwa miezi mingi inabaki na mkunjo huo, na mpira mweusi unaacha doa kwenye silikoni angavu.

Mengine ni ya ziwa lenyewe. Konokono wa ufukweni wana kichocho, na vijidudu vyake vinapenya ngozi kwa dakika chache, hata mwenye suti asijione salama. Kapime hospitali wiki kadhaa baada ya msimu, tiba ya prazikwanteli ipo. Uliza wavuvi kuhusu mamba na viboko kabla hujavua viatu, na ukiambiwa hapana, ni hapana. Mawingu yakianza kujikusanya, kazi imeahirishwa, injini haiendi popote. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari na Ziwa Bunyonyi linakaribia 2,000, kwa hiyo majedwali ya kuzamia ya Mombasa, yale ya kupimia muda wa kukaa kila kina, yaliyopangwa kwa usawa wa bahari, hayakufai moja kwa moja, tafuta mwalimu wa kuzamia nyanda za juu. Ukizama mara moja, ngoja angalau muda wa saa 12 kabla ya kupanda ndege, ukizama mara kadhaa, angalau muda wa saa 18. Kupanda milima ya Kabale kwa gari jioni ya siku hiyo hiyo nako usijaribu, panga basi la kesho yake.