Somo: Kuandika majina ya maharusi kwenye kadi kwa fonti ya Great Vibes

Great Vibes, iliyochorwa na Robert Leuschke, inapatikana bure kwenye tovuti ya Google Fonts, na leseni yake inaruhusu kazi za biashara. Herufi ndogo zimeshikana kama mwandiko wa kalamu, kubwa zina mikia mirefu. Itumie kwa maneno mawili matatu tu: majina, au "Karibuni". Hapa tunatumia Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta, na kadi ya A5.

1. Pakua fonti, fungua faili la zipu, bofya faili kwa kitufe cha kulia, sakinisha kwa watumiaji wote. Kama Inkscape ilikuwa imefunguliwa, ifunge uianzishe upya, la sivyo fonti haitaonekana kwenye orodha.

2. Weka ukurasa wa milimita 148 kwa 210. Kila jina likae mstari wake: Neema, kisha "na", kisha Baraka. Herufi kubwa iwe ya kwanza tu. Ukiandika NEEMA, mikia inapandana na jina halisomeki.

3. Anza na ukubwa wa pointi 54. Usiogope namba hiyo. Kimo cha herufi ndogo za fonti hii ni kifupi sana. Ukumbi, saa na namba za simu ziandike kwa fonti nyingine, EB Garamond, pointi 11.

4. Nafasi kati ya herufi ibaki sifuri. Hapa ndipo kadi nyingi huharibika: jina ni fupi, mtu anavuta herufi ili zijaze upana, viungo vyote vinakatika. Ukitaka upana, ongeza ukubwa. Panaporuhusiwa kuguswa ni baada ya herufi kubwa tu: weka kasa (kile kimstari cha kuandikia) kati ya N na e, shika Alt, bonyeza mshale wa kushoto au kulia mpaka zikae vizuri.

5. Hifadhi nakala inayoweza kuhaririwa. Kisha chagua majina, bonyeza Shift+Ctrl+C kuyageuza michoro, Shift+Ctrl+G kuvunja kundi, na Ctrl++ (Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha) kuunganisha kila jina liwe umbo moja. Ukiruka hatua hii, mchapaji asiye na fonti hiyo anaweza kuona majina kwa fonti nyingine kabisa.

6. Toa PDF, chapa nakala moja kwa asilimia 100. Kwenye skrini ulikuwa umekuza. Karatasi ndiyo itakayokuonyesha kama mistari myembamba imebaki.

Swali: Mwalimu, majina meupe juu ya rangi ya maruni yamekatikakatika. Nimekosea wapi?

Jibu: Wino wa maruni umetambaa ukameza mistari myembamba. Yape majina mzingo (mstari wa ukingoni) mweupe wa milimita 0.2, au panda hadi pointi 64. Karatasi isiyopakwa utando hunywa wino zaidi, kwa hiyo tatizo huzidi.

Swali: Jina la ukoo ni Nyang'oro. Ile alama inaonekana kama kijiti.

Jibu: Umeandika iliyonyooka. Ifute, bonyeza Ctrl+U, andika 2019, kisha Enter, utapata iliyopinda. Kiungo kati ya g na o kitakatika hapo, nacho kiache hivyo. Ukizisogeza zigusane, msomaji ataona "Nyangoro", na hilo ni jina jingine.

Swali: Mashine ya stika inakata katikati ya herufi, kila zinapogusana.

Jibu: Hukubonyeza Ctrl++. Mashine inafuata ukingo wa kila herufi, hata uliofichwa chini ya jirani yake. Rudia hatua ya 5.