Mashine ya sarafu katika mji usio na sarafu

Mashine yangu ya kwanza ya michezo ya video, zile za kusimama unazotia sarafu ndipo ucheze, niliikuta imelala chali nyuma ya depo ya vitu vya Bulaya (Ulaya), upande wa Kampemba hapa Lubumbashi, imebanwa kati ya friji mbili na rundo la magodoro. Kijana aliyekuwa akiuza alidhani nayo ni friji, ya bia. "Papa, iyi iko nzuri. Ni kura tu njo inakosa," akaniambia, yaani imekosa umeme tu. Kufuli ya kimlango cha sarafu ilishang'olewa, nikapapasa ndani na kutoka na sarafu moja ya faranga 20 za Ubelgiji, pesa iliyokufa 2002 yuro ilipoingia. Sarafu ile ilinieleza mambo mawili: mashine inakula umeme wa volti 220 kama wetu, na nitahangaika.

Nitahangaika kwa sababu Lubumbashi hakuna sarafu. Faranga ya Kongo ni noti tupu, hata ile ndogo ya 50. Sarafu za jirani ni za Zambia, mpaka uvuke Kasumbalesa. Ndiyo maana namwambia kila anayetaka kununua mashine hizi: usiulize kwanza ina mchezo gani. Angalia mdomo wake. Nyuma ya tundu la sarafu kuna kifaa cha chuma, kipana kama kiganja, ambacho mimi nakiita kitambuzi. Kama kipo, hakijapinda, na sumaku yake ipo, umeshapata nusu ya mashine. Bodi ya mchezo, yaani ubao wa saketi unaouendesha, utaagiza, vitufe utabadilisha.

Cha pili kukagua ni miguu. Nyingi zimeundwa kwa mbao za maranda yaliyogandishwa, na zikikaa chini msimu mmoja wa mvua huvimba kama mkate kwenye chai. Gonga chini kwa ngumi. Ukisikia sauti ya boksi tupu, punguza bei. Yangu nililazimika kukata sentimita 12 za chini na kuweka fremu ya mbao ngumu. Cha tatu ni tyubu ya picha, kile kioo kizito kama cha televisheni za zamani. Mulika tochi shingoni mwake, kule nyuma kwembamba: kama pamevunjika, hiyo imekwisha, na tyubu za namna hii hazitengenezwi tena kirahisi. Kijana alitaka dola 250, tukamalizana kwa 140, na mkokoteni juu yake mwenyewe.

Ukifika nyumbani usiwashe. Najua mkono unawasha, watoto wa jirani wamejaa mlangoni, lakini usiwashe. Mimi ni fundi wa televisheni, na tyubu ya rangi naiheshimu kama nyoka: inaweza kuhifadhi volti elfu 20 na zaidi hata baada ya kuchomolewa. Chukua bisibisi bapa yenye mpini mzito wa plastiki, funga waya kwenye chuma chake, na ncha nyingine ya waya uibane kwenye ule msuko wa waya unaozunguka mgongo wa tyubu. Mkono mmoja uweke nyuma ya mgongo wako. Kwa mkono wa pili ingiza bisibisi taratibu chini ya kikombe cha mpira kilichobandikwa juu ya tyubu, pale waya mnene unapoingia, hadi iguse chuma. Utasikia "tak". Subiri dakika chache, rudia, maana chaji hurudi kidogo. Kama hujawahi kufanya hivi, tafuta fundi wa televisheni za zamani. Kila mtaa bado una mmoja anayekaa bila kazi.

Baada ya hapo fanya usafi. Puliza vumbi, toa viota vya panya (vilikuwa viwili), kaza skrubu za waya. Chomoa bodi ya mchezo, kisha washa sapulai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, peke yake na upime. Mashine nyingi za baada ya 1985 zinafuata mpangilio uitwao JAMMA: kiunganishi kimoja kirefu chenye pini 56, kinachobeba umeme, picha, sauti na vitufe. Kwenye laini ya volti 5 nataka 5 kamili au nukta chache juu. Ikipita 5.25 bodi iko hatarini. Sapulai nyingi zina skrubu ndogo ya kurekebishia. Kwa umeme wetu huu unaopanda na kushuka, usiiwashe kamwe bila stabilaiza. Meno ya bodi yasugue kwa ufutio wa penseli, halafu alkoli ya famasi.

Kuhusu betri, nina kidonda. Bodi nyingi zina betri ndogo iliyolehemiwa, na ikivuja inakula njia za shaba. Ushauri wa kawaida ni kuikata mara moja na kusafisha kwa siki, kisha alkoli. Nimefanya hivyo kwenye bodi nyingi. Siku moja nikapata bodi ya Capcom, kampuni ya michezo ya Japani, ya aina ya CPS-2, zile zilizoanza 1993, nikakata betri kwa bidii yangu yote. Skrini ikabaki rangi moja. Sikujua kwamba betri ile inatunza ufunguo wa kusomea mchezo, na umeme wake ukikatika ufunguo unafutika. Siku hizi wapo mafundi wanaoweza kuurudisha, lakini wako mbali na Lubumbashi. Soma maandishi kwenye boksi la bodi kabla ya kushika koleo.

Sasa turudi mdomoni. Kitambuzi cha chuma kinapima upana na uzito wa sarafu, kisha sarafu inabingirika mbele ya sumaku. Chuma cha kawaida kinanaswa. Madini mengine hayanaswi, lakini sumaku inayapunguzia mwendo, na kadiri madini yanavyopitisha umeme vizuri ndivyo yanavyopungua zaidi. Yenye mwendo sahihi inaruka kwenye njia yake, inasukuma kiwaya cha swichi, na mchezo unahesabu. Iliyozidi au kupungua mwendo inarudishwa.

Kwa kuwa sarafu hatuna, nikajaribu washa za hadwea, zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati. Zote zikanasa. Nikaenda kwa mzee mmoja anayegonga picha za shaba, akanikatia jetoni (vipande vya kutumia badala ya sarafu) 20 za upana wa ile sarafu ya Ubelgiji, milimita 25 na nusu hivi, zinang'aa kama jua. Zote zikatemwa. Nikamrudia: "Mzee, shaba yako inajikokota." Akanitazama vibaya. "Mwanangu, shaba hii njo imejenga muji muzima. Mashini yako ni nani ya kuikatala?"

Lakini ndivyo ilivyo: shaba safi inapitisha umeme mno, kwa hiyo sumaku inaishika breki kupita kiasi. Tukabadili, tukatumia laitoni, shaba iliyochanganywa na zinki, bapa la unene uleule wa sarafu. Katika kumi za kwanza zikapita saba. Tatu zilizobaki zilikuwa na kingo zenye makwaruzo, tukazipiga msasa. Kitambuzi chenyewe kioshe kwa maji ya sabuni na ukikaushe vizuri. Usikitie mafuta hata tone, yanakamata vumbi na jetoni zinaanza kulewa.

Kama mashine yako haina kitambuzi, agiza kile cha umeme cha kulinganisha, kinachotumia volti 12, kupitia wafanyabiashara wanaoleta mizigo kutoka China. Unaweka jetoni moja ndani yake kama mfano, nacho kinakubali zinazofanana nayo tu. Ni rahisi, na hakina hadithi yoyote ya kusimulia.

Mashine iko Kamalondo sasa, mtaa mwingine wa hapa, kwenye baa ya shemeji yangu, na siku ya mechi ya Mazembe, timu yetu ya mpira, haipumziki. Shemeji anauza jetoni kaunta na usiku tunafungua kisanduku kuhesabu. Nilianza na 60. Wiki iliyopita zilikuwa 41, na nimemwona kijana mmoja ameitoboa yake akaivaa shingoni. Mzee amekubali kunikatia nyingine 100, ila safari hii anagonga alama yake katikati.