Kabla hujanunua kiwanja cha kustaafia Dodoma, kunywa maji yake mwezi wa kumi

Mimi nilikosea, ndo maana naandika. Nilivyochukua kiinua mgongo nilikuwa nimeshachoka na joto la Dar na foleni zake, nikasema naenda zangu Dodoma, hewa kavu, jioni kaubaridi, mtu unalala. Nikaja kuangalia kiwanja pembezoni huko mwezi wa tatu, nje kijani kitupu, mtama umesimama, mama wa nyumba ya jirani akanikaribisha na mbukwenyi yake, ile salamu ya Kigogo, halafu akaniletea kikombe cha maji. Matamu kabisa. Nikamuuliza mama, maji hapa yapo? Akasema yapo baba, kisima si kile pale. Wiki ile ile nikalipa. Mwezi wa tisa niko site, nachota kisimani nichemshe chai, chai ina chumvi kama mtu kakosea kopo la sukari. Kumbe kile kikombe cha mwezi wa tatu kilikuwa maji ya mvua ya kwenye tanki lao! Na mama hakunidanganya hata kidogo, mimi niliuliza kama maji yapo, na kweli yapo.

Kwa hiyo wewe usiulize kama maji yapo. Uliza hivi: nyinyi wenyewe maji ya kunywa mwezi wa kumi mnayatoa wapi, na ndoo shilingi ngapi? Halafu nenda mwezi huo huo wa kumi au wa kumi na moja. Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu, unaanza kama Desemba unaisha Aprili, na mvua yenyewe ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600. Ukija Februari utaona uko peponi.

Sasa kwanini chumvi. Ardhi ya huku chini ni mwamba wa zamani wa graniti, maji yanakaa kwenye nyufa, mvua ni kidogo ya kuisafisha hiyo chumvi na jua linanyonya kila siku, basi inabaki humo humo. Ndo maana kisima cha huyu kitamu na cha mwenzake mita mia mbili kichungu, dalali akikwambia "eneo hili lote maji baridi" mwambie akuonjeshe ya nyumba tatu tofauti. Maji ya bomba ya DUWASA (mamlaka ya maji ya Dodoma) kwa miaka mingi yametegemea visima vya Makutupora, kule Mzakwe kaskazini mwa jiji, na hayo nayo yanatoka chini ya ardhi kwahiyo yana ugumu wake, yaani madini kama chokaa. Na mji umejaa, tangu serikali ihamie rasmi kuanzia 2016 watu wamemiminika, sensa ya 2022 imekuta jiji lina watu 765,179. Mtaa mwingine bomba lipo ila ni mgao, sasa waulize majirani yanatoka siku gani na saa ngapi, maana kama yanatoka saa nane usiku wewe mwenye miaka 65 ndo utaamka kukinga?

Ukiwa hapo kwa jirani usione aibu, omba uone jagi la kuchemshia maji, lifunue ndani. Likiwa na magamba meupe yamegandia kule chini kama chokaa, hayo ni maji magumu. Angalia na koki ya bafuni na vigae, kuna ile michirizi myeupe. Nawa mikono na sabuni ya mche uone kama povu linatoka au unasugua tu. Muulize mama mwenye nyumba maharage yanaiva kwa muda gani, akicheka akakwambia "haya maji yanakula mkaa" umeshapata jibu, maharage kwenye maji magumu hayalainiki haraka. Ugumu wenyewe sio sumu, ni gharama na kero tu. Chumvi ndo ya kuogopa kidogo kwa umri wetu, maana wengi tuna presha na daktari ameshatukataza chumvi kwenye chakula, halafu unaenda kuinywa kwenye maji lita mbili kwa siku.

Kuna kakifaa kanaitwa TDS mita, kama kalamu, unachovya kanakupa namba ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji. Chini ya 600 ni mazuri mdomoni, ikivuka 1,000 utaanza kuyakataa mwenyewe. Ila kasikudanganye, hakaoni vijidudu wala hakakwambii hiyo namba ni chumvi ya aina gani.

Kwahiyo kabla hujatoa hela peleka maji maabara. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji, na Dodoma ipo. Hapa niende taratibu kidogo. Maji ya kupima madini unachukua chupa safi ya lita moja, acha bomba au pampu itiririke dakika kadhaa kwanza, suuza chupa mara tatu kwa maji hayo hayo ndo ujaze. Ya kupima vijidudu usitumie chupa yako, omba ile iliyochemshwa ya maabara, usiguse mdomo wake kwa vidole, weka kwenye kikapu chenye barafu na ifike siku hiyo hiyo. Waambie wapime chumvi (kloraidi na sodiamu), ugumu, naitreti, floraidi, chuma na E. coli (vijidudu vya kinyesi). Ripoti ikija angalia namba nne: E. coli iwe sifuri kwenye mililita 100, naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita, floraidi isizidi 1.5, sodiamu ikizidi 200 ulimi utakwambia wenyewe. Hivyo ni viwango vya WHO.

Floraidi ndo inasumbua zaidi kadiri unavyoelekea Singida, Manyara na Arusha, kwahiyo kama unafikiria kustaafia upande wa Singida usiruke hicho kipimo. Kwa macho unaangalia meno ya vijana waliozaliwa hapo, yakiwa na rangi ya kahawia jua maji yana neno. Wewe meno yako yameshaota hayatabadilika, lakini ikizidi sana miaka mingi inaenda kwenye mifupa, na wajukuu wanaoletwa kwa bibi wakiwa wadogo ndo watakaoharibika meno. Naitreti nayo mara nyingi inatoka vyooni, mji unavyojaa mashimo na visima vinasogeleana, na ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Kisima kikae angalau mita 30 kutoka shimo lolote la choo, lako na la jirani, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Ukitaka kuchimba chako kumbuka kuna kibali cha bodi ya maji ya bonde, kwa jiji la Dodoma ni Bonde la Wami/Ruvu.

Watu wengi wanafikiri kuchemsha kunamaliza kila kitu. Kuchemsha kunaua vijidudu, basi. Chumvi, floraidi na naitreti haziondoki, tena maji yakipungua kwa mvuke zinazidi kuwa kali. Filta za mishumaa nazo hivyo hivyo, zinachuja uchafu na vijidudu tu. Chumvi inataka mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba chumvi ikabaki nyuma, ambayo inataka umeme na presha ya maji, na inamwaga maji mengi kupata machache, kwenye mtaa wa mgao piga hesabu kwanza.

Mimi kilichoniokoa ni bati, nakinga maji ya mvua ya paa, sikuhama. Fanya hesabu na mimi: paa la mita za mraba 100, mvua milimita 550, ni lita 55,000, toa zinazopotea bado unabaki na kama 44,000. Wazee wawili kunywa na kupikia ni lita 15 kwa siku, kuanzia Mei mpaka Novemba siku 214, ni lita 3,210. Tanki moja la lita 5,000 likijaa Aprili linakufikisha mvua nyingine na wageni wakanywa! Kisima changu cha chumvi kimebaki cha kufulia, kudekia na choo.

Ila mvua ya kwanza usiikinge. Dodoma kuna vumbi na upepo miezi saba, bati limejaa kinyesi cha ndege na majani ya mwarobaini, mimi nachomoa bomba la gata mvua mbili za mwanzo zinaenda kwenye migomba ndo narudishia. Tanki lioshwe Novemba likiwa karibu tupu, mfuniko uwe umebana na tundu la hewa lifungwe neti ya mbu, na maji bado nachemsha au naweka dawa ya klorini, njiwa hawana adabu.

Na tanki la kunywa usilipandishe kwenye mnara. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, leo unabeba, ukiwa na 75 je? Langu limekaa kwenye kibaraza cha tofali tatu nje ya mlango wa jikoni, koki imepanda juu kidogo tu ya mdomo wa ndoo, na ndoo yenyewe inakaa kwenye kigoda, mama watoto anafungua anajaza jagi anaingia ndani bila kuinama.