Wanakuja kubadilisha mita ya stima? Soma hii kabla sili (muhuri wa mita) haijakatwa

Haya, umepigiwa simu ama umekuta karatasi mlangoni ati mafundi wa stima wanakuja kubadilisha mita. Usipaniki. Kazi yenyewe mara nyingi haimalizi hata saa nzima, ya zamani inatoka, mpya inaingia, basi. Watu huumia kwa vitu viwili tu: zile namba zilizokuwa kwa mita ya zamani ambazo hakuna aliyeziandika, na mita mpya ambayo hakuna aliyeipima mpaka fundi ashapanda pikipiki kaenda zake.

Kwanza hakikisha ni wao kweli, manake Mombasa hii mtu akivaa refleta na kofia ngumu anaingia nyumba yoyote. Muombe kitambulisho cha kazi, soma jina na namba, kisha piga 97771, namba ya wateja ya Kenya Power, kampuni ya stima, uulize kama kuna kazi ya mita mtaani kwenu leo. Fundi wa kweli hakasiriki akiulizwa. Pesa mkononi usitoe hata shilingi, malipo ya stima hupitia Paybill ya M-Pesa, na mita yenyewe ni mali ya Kenya Power, si yako wala si ya mwenye nyumba. Akianza maneno ya toa ya chai niharakishe, mwache hapo hapo nje. Na tafadhali usimuite wiremani wa mtaa aifungue eti vitufe vimeganda, Sheria ya Kawi ya 2019 yasema kuchezea mita ni kosa na sili ikikutwa imekatwa anayeulizwa ni wewe unayekaa hapo, wiremani saa hiyo simu yake imezimwa.

Sasa tokeni. Zile namba 20 za tokeni, unazoingiza kwa mita kupata yuniti ulizolipia, hutengenezwa kwa mita moja tu, mita nyingine ukiziingiza inakataa. Kwa hivyo kama una meseji ya tokeni umeiweka akiba kwa simu, ingiza kabla hawajafika, na ukishajua tarehe ya kuja usinunue za elfu tatu, nunua za kukufikisha siku hiyo tu. Ukibaki na yuniti nyingi usidhani zitahamia kwa mita mpya zenyewe, ziulizie, na ili uziulizie lazima uwe na ushahidi.

Ushahidi ni picha. Toa simu wakati fundi yuko pale pale na sili haijakatwa, piga skrini ikionyesha balansi, piga namba ya mita ile iliyoandikwa usoni karibu na zile mistari za kuskeni, na kama wewe ni wa bili ya mwisho wa mwezi piga ile namba kubwa ya yuniti zilizotumika, hiyo ndo itafunga bili yako ya mwisho na ikiandikwa vibaya utalipa hewa. Picha isomeke bwana, si ile ya kivuli cha mkono. Huku kwetu pwani chumvi ya bahari inakula kila kitu na mita nyingi za ukutani nje skrini zishafifia, basi ikiwa haisomeki kabisa mwambie fundi aandike hivyo hivyo kwa fomu kuwa skrini imekufa, na wewe utafute meseji zako za mwisho za kununua tokeni uziweke. Fomu isome kabla ya kusaini, kisha ipige picha nayo.

Asubuhi ya siku hiyo ondoa makabati, ndoo na baiskeli mbele ya mita, funga mbwa, na uchomoe TV, friji na AC ukutani, manake stima ikirudi huwa inarudi kwa kishindo. Wanaouza barafu za ukwaju au samaki msihangaike, friza iliyojaa ikifungwa vizuri hukaa baridi masaa mengi, shida ni watoto kuifungua kila saa waangalie kama imeyeyuka. Kama kuna mgonjwa anatumia mashine ya kupumua ndani ya nyumba, hilo sema mapema kwa simu, usingoje fundi awe kashika koleo.

Wanaokaa fleti, hapa ndo msome taratibu. Mita zenu ziko chini zimepangwa ukutani kama vile masanduku ya barua, mafundi wanabadilisha kumi kwa mkupuo mmoja, na waya mbili kupishana ni rahisi sana. Kuna jengo moja Tudor mama wa chini alikuwa ananunua tokeni zinaisha kama maji, anazima kila kitu bado zinaenda, kumbe mita yake mpya imeungwa kwa nyumba ya juu na jamaa wa juu AC yawaka usiku kucha, yeye anashangaa tu mbona mwezi huu stima imekuwa rahisi hivi. Kipimo chake ni rahisi: kabla fundi hajaondoka, mwambie azime breka ya mita yako peke yake, mtu mmoja asimame ndani kwako. Taa zikizimika kwako na kwa jirani zinawaka, sawa. Zikizimika kwa jirani, hapo fundi haendi popote.

Kipimo cha pili ni ile taa ndogo nyekundu usoni mwa mita, kile kitaa kinachomeka, yaani kuwaka na kuzima. Zima kila kitu ndani, chomoa hata chaja, ukiangalia kitaa dakika chache kisimeke. Kikiendelea kumeka kuna kitu kinakula, ni kwako ama ni waya. Halafu washa birika la umeme. Usoni mwa mita kumeandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, maana yake kikimeka mara hizo ndo yuniti moja. Birika la wati 2000 kwa mita ya 1000 limeke karibu mara 33 kwa dakika, kwa mita ya 1600 karibu mara 53. Ukihesabu ukapata mara mbili ya hapo na hakuna kingine kinachowaka, lalamika.

Mita nyingi mpya zenyewe hukaa juu ya nguzo au nje, wewe unaachiwa kile kimashine cha vitufe cha kuchomeka kwa soketi. Usipokee kikiwa kwa boksi. Kichomeke, hakikisha kinasoma namba ya mita yako, kisha nunua tokeni ndogo pale pale, Paybill 888880, akaunti ni namba ya mita MPYA, ingiza mbele ya fundi uone inakubali. Tokeni ikija na mafungu matatu ya namba 20 usishtuke, mawili ya kwanza ni ya kuihamisha mita kwa ule mfumo wa tokeni uliobadilika tarehe 24 Novemba 2024, ingiza kwa mpangilio uleule yalivyokuja, la tatu ndo yuniti zenyewe.

Halafu futa ile namba ya zamani. Kwa simu yako, kwa simu ya mzee, kwa duka la M-Pesa wanaokununulia, na kama una mtoto Nairobi ama Dubai anayekutumia tokeni mtumie picha ya mita mpya, usimsomee namba kwa simu, atakosea.

Mwezi wa kwanza utasikia watu wakisema hizi mita mpya zinakula. Zingine kweli zina hitilafu, lakini kabla ya kugombana angalia meseji ya tokeni. Kama kuna deni la zamani huwa linakatwa hapo. Pia bei ya yuniti ya nyumbani ina ngazi, hadi 30 kwa mwezi, kutoka 30 hadi 100, na kupita 100, wakiangalia wastani wa miezi mitatu, kwa hivyo mtu wa AC na jirani yake wa taa mbili wakinunua za mia tano hawapati yuniti sawa, hata mita zikiwa zimetoka boksi moja.

Bado haiingii akilini? Ripoti kwa *977# au 97771, dai namba ya malalamiko, na ukienda ofisini beba kitambulisho na zile picha, zioneshe kwa tarehe, ya mita ya zamani kwanza. Ukiwa mpangaji mjulishe mwenye nyumba kabla ya kwenda, manake akaunti huenda iko kwa jina lake na bila yeye utapangishwa foleni bure.