Skrini ya buluu isiyokoma: soma kwanza, formati baadaye

Wengi wanaopanda ngazi kuja kibandani kwangu cha kutengeneza laptopu, hapa ghorofani Luthuli Avenue, Nairobi, wakilia na ile skrini ya buluu ambayo Windows huonyesha inapoanguka ghafla, hufika wameshajiandikia dawa. "Fundi, inaleta buluu kila saa. Niwekee tu Windows mpya." Namjibu, "Sawa dada, ikibidi nitaweka. Lakini hebu niambie, huwa unafanya nini ikileta?" Wengine hununa, wakidhani navuta muda ili nipandishe bei. Kumbe swali hilo ndilo linalookoa pesa yao. Kama RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, ndiyo mbovu, Windows mpya itaanguka vilevile, pengine hata kabla haijamaliza kuingia, na wewe utakuwa umeshapoteza picha za ruracio, yaani sherehe ya mahari, na hesabu za duka.

Mengi ya ninayoyafanya unaweza kuyafanya mwenyewe nyumbani bila kushika bisibisi.

Ikianguka mara moja tu kisha ikanyamaza, iwashe uendelee na shughuli zako. Ikirudia, anza kuandika kwenye simu: ilikuwa saa ngapi, ilikuwa kwenye chaja au kwenye betri, nini kilikuwa kimechomekwa, programu gani ilikuwa wazi. Na usibabaishwe na rangi. Kwenye Windows 11, tangu 2025, skrini hiyo imegeuzwa kuwa nyeusi, lakini shida ni zilezile na maandishi ni yaleyale.

Maandishi hayo ndiyo mali. Tatizo ni kwamba Windows hujiwasha upya kabla hujayasoma, kwa hiyo izuie. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, kisha Enter. Nenda "Advanced", halafu penye "Startup and Recovery" bonyeza "Settings" na uondoe alama kwenye "Automatically restart". Hapohapo chagua "Small memory dump", ili kila ikianguka iache faili ndogo ndani ya C:\Windows\Minidump. Ikianguka tena, piga picha mstari wa "Stop code", na kama kuna "What failed" chini yake, hakikisha umeingia kwenye picha. Ile misimbo ya QR usihangaike nayo. Inakupeleka kwenye ukurasa wa jumla wa Microsoft usiojua lolote kuhusu mashine yako.

Kabla ya hatua nyingine yoyote, nakili faili zako kwenye flashi au diski ya nje. Nasema kabla kwa sababu baadhi ya vipimo huisukuma diski sana, na diski inayokata roho haihitaji msukumo. Ukiwa hapo, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu uangalie kama kuna ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima, tarakimu 48, uunakili. Kuna laptopu zitakazokudai ufunguo huo mara tu ukigusa mipangilio ya kuwashia, na bila huo faili zako zimefungwa, hakuna fundi wa kuzifungua, hata akikuapia.

Sasa tafuta tarehe. Windows na R tena, andika perfmon /rel. Utaona grafu ya siku baada ya siku, alama nyekundu zikionyesha maanguko, na chini yake orodha ya vilivyosakinishwa. Tafuta siku ya alama nyekundu ya kwanza, kisha uangalie kilichoingia siku hiyo au jana yake. Mama mmoja mwenye saiba Kayole aliniletea ThinkPad iliyokuwa ikianguka jioni tu, akiamini ni stima ya mtaa wao. Kodi yake, yaani ile stop code, ilikuwa DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, ambayo maana yake ni kifaa fulani kinakataa kulala au kuamka pamoja na mashine. Nikamuuliza, "Mama, jioni ukifunga saiba unaichomoa ile modemu?" Hapana, alikuwa akifunga kifuniko modemu ikiwa bado iko kwenye USB. Draiva yake, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, ilikuwa ya kale, ikaondolewa, ikawekwa mpya, akaenda zake. Hakuna kilichoformatiwa.

Kodi ziko nyingi, ila kwenye meza yangu hurudi zilezile. MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA hunipeleka kwenye RAM kwanza, ingawa draiva mbovu nayo huweza kuzileta. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL mara nyingi ni draiva, kisha RAM. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR ni diski hadi ithibitike vingine, na CRITICAL_PROCESS_DIED naichunguza kwa kuanzia diski vilevile, halafu faili za mfumo. VIDEO_TDR_FAILURE ni mambo ya grafiki. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ndiyo nisiyoipenda: hapo maunzi yenyewe ndiyo yamelalamika, na mara nyingine ni prosesa au bodi kuu (motherboard). Kodi zikibadilikabadilika kila siku, leo hii kesho ile, bila mpangilio wowote, mimi hufungua kifuniko nikaangalia RAM kabla ya kubishana na programu.

RAM nitaizungumzia kwa kirefu kwa sababu ya aina ya laptopu tunazonunua hapa mjini. Nyingi ni zile zinazoitwa ex-UK, zilizokwishafanya kazi ofisini ng'ambo, kisha muuzaji akaongeza RAM ili bei ipande. Anachukua iliyopo droo. Fungua kifuniko cha chini na mara nyingi utakuta RAM mbili za kampuni tofauti na kasi tofauti, moja ya GB 4 na nyingine ya GB 8. Kuchanganya si haramu, mashine nyingi huvumilia, lakini isipovumilia ndipo buluu huanza. Angalia pia kibandiko. Latitude, EliteBook na ThinkPad za 2013 na 2014, zenye Intel ya kizazi cha nne, zinataka DDR3L, ile ya volti 1.35. Kibandiko chake husema PC3L. Ukiona PC3 bila L, hiyo ni ya volti 1.5, na hata kama mashine imekubali kuwaka nayo, usiiamini. Herufi moja tu hiyo, na kwa macho ya haraka RAM hizo mbili ni pacha.

Jinsi ya kupima: zima kabisa, chomoa chaja, na ukishafungua chomoa waya wa betri kwenye bodi. Gusa chuma kwanza ili umeme tuli ukutoke. Sukuma vishikizo viwili vya pembeni kwa wakati mmoja, RAM itainuka yenyewe kwa mshazari. Tazama meno yake ya dhahabu kwenye mwanga. Yakiwa yamefifia au yana ukungu, yasugue taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, upanguse mabaki kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, ukaushe. Rudisha moja tu, isukume hadi usikie vishikizo vimeuma pande zote mbili, utumie mashine hivyo siku mbili tatu. Kisha ibadilishe na mwenzake. Mashine inayobebwa kwa mkoba nyuma ya bodaboda kila siku, RAM yake hulegea. Nyingine hupona kwa kuchomolewa na kurudishwa tu, na hapo natoza ya kufungua basi.

Ukitaka ushahidi zaidi, Windows ina kipimo chake: Windows na R, andika mdsched.exe, ikubali kujiwasha upya, itapima. Ikisema kuna kosa, kuna kosa. Ikisema hakuna, usishangilie bado, kwa sababu kipimo hicho hupitwa na mengi. MemTest86 ndiyo kali; unaiweka kwenye flashi, unawashia kutoka hapo, unaiacha ikimbie usiku kucha ikiwa kwenye chaja. Kosa moja jekundu linatosha kuitupa RAM. Moja. Usiniambie "lakini ni moja tu".

Diski ina kipimo chepesi zaidi. Pakua CrystalDiskInfo uisome rangi: buluu ni nzima, njano ni onyo, nyekundu aga. Kwa zile diski za kuzunguka, angalia mistari ya 05, C5 na C6. Thamani zake ghafi zikiwa zaidi ya sufuri na zinaendelea kupanda, nunua SSD, diski isiyozunguka, mapema. Mstari wa C7 una habari tofauti: ukipanda, kwa kawaida diski haina neno, bali waya au kiungio chake ndicho kimelegea, na hilo ni la kufungua na kukaza. Ukishanakili faili zako, na hapo tu, fungua Command Prompt kama msimamizi uendeshe chkdsk C: /r, amri ya kukagua na kurekebisha diski.

Joto nitalipita haraka, maana linasingiziwa sana. Mashine iliyochemka kupita kiasi kwa kawaida huzimika ghafla bila kuonyesha skrini yoyote. Kama yako huzimika hivyo ikiwa juu ya blanketi, safisha feni kwa blowa huku umeishika isizunguke, na ubadilishe pesti iliyo kati ya prosesa na kipozaji.

Draiva, sasa. Fungua zile faili za Minidump kwa BlueScreenView, programu ya bure ya NirSoft. Itakutajia mshukiwa. Ikitaja ntoskrnl.exe, usikimbilie kuhukumu. Hicho ni kiini cha Windows chenyewe, na mara nyingi kimekutwa tu kwenye eneo la tukio. Tafuta jina la mgeni, faili yenye mwisho wa .sys iliyo ya Wi-Fi, grafiki, sauti au antivirusi. Ukiipata, nenda Device Manager, fungua kifaa hicho, na ujaribu "Roll Back Driver". Isipowezekana, pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu ukitumia namba iliyo chini ya mashine. Zile programu zinazoahidi kukusasishia draiva zote kwa mpigo mmoja ziache. Nimeziondoa kwenye laptopu za wateja mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza.

Ikiwa haifiki hata kwenye skrini ya kuingilia, shikilia kitufe cha kuzimia wakati inawaka, urudie hadi ilete ukurasa wa matengenezo. Nenda "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", halafu 4 kwa ajili ya Safe Mode. Humo draiva nyingi za ziada hazipakiwi, kwa hiyo ikitulia huko umeshapunguza washukiwa. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft, na mashine nyingi zilinyanyuliwa kwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja.

Faili za mfumo zirekebishe kwa amri mbili, kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kama msimamizi. Kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow. Ya kwanza huweza kupakua kutoka intaneti, hivyo usiianze na bando la saa moja. Kuhusu kusasisha BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, fanya betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, na kama stima ya kwenu inapepesa, subiri siku nyingine.

Baada ya yote haya, naam, weka Windows upya, safi, bila kurudisha programu zako kwanza. Itumie siku chache hivyo. Ikitulia, rudisha programu moja moja. Ikianguka ikiwa tupu, RAM na diski zikiwa zimepimwa, basi ni bodi au prosesa, na hapo linganisha bei ya kutengeneza na ya laptopu nyingine kabla hujamwachia fundi yeyote, mimi nikiwemo.

Ukija kwangu au kwa mwingine, lete picha ya stop code, folda ya Minidump kwenye flashi, na chaja yako mwenyewe. Chaja wengi huiacha nyumbani, na kuna laptopu ambazo ugonjwa wao huonekana zikichomekwa chaja hiyo tu.