Kumkata Mbwa Kucha Bila Kumkandamiza: Hatua kwa Hatua

"Mwalimu, mbwa wangu ni mpole kabisa, ila akiona mkasi wa kucha anageuka simba." Maneno haya nayasikia kila mara, na nikiuliza kucha zinakatwaje, jibu huwa lile lile: mmoja anamlaza na kumkandamiza, mwingine anamshika mdomo, wa tatu anakata haraka haraka.

Mbwa huyo alishasema mapema kwamba hataki. Alitazama pembeni, hakuna aliyeona. Akalamba midomo, akapiga miayo ilhali hana usingizi, hakuna aliyeona. Akanguruma, akakemewa. Kilichobaki ni meno. Kwa hiyo tutaanza na kumpa njia ya kukataa ambayo sisi tutaiheshimu, na mkasi utafuata baadaye sana.

Kabla ya yote

Mchunguze kwanza. Ukucha uliovunjika, kidole kilichovimba, au mbwa anayelia akiguswa mguu ni kazi ya daktari wa mifugo. Mafunzo hayaondoi maumivu. Angalia pia ule ukucha wa dole gumba, ulio juu kidogo kwa ndani ya mguu. Kwa kuwa haugusi ardhi hausagiki wenyewe, na ukisahaulika hujikunja mpaka ukachoma nyama.

Andaa taulo moja, mkasi mkali wa kucha za mbwa (butu hubana ukucha badala ya kuukata, na kubanwa ndiko mbwa anakochukia), wanga wa mahindi kidogo kwenye kisahani, na kitafunio anachokipenda kweli. Kuku aliyechemshwa bila chumvi wala viungo anafaa. Mkatekate kuku huyo vipande vidogo, kama punje ya mahindi. Usitumie chochote chenye kitunguu maji, kitunguu saumu, zabibu au chokoleti, na ukitumia siagi ya karanga, soma kibandiko uhakikishe haina zailitoli (xylitol), sukari mbadala ambayo ni sumu kwa mbwa. Vitafunio vya siku nzima visizidi asilimia 10 ya chakula chake, la sivyo utamaliza zoezi ukiwa na mbwa mnene.

Hatua ya 1: Kidevu kwenye taulo

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu kuliko hatua zote, na ndipo watu wengi wanaporuka.

Keti sakafuni, ubavu wako ukimwelekea mbwa. Usimwinamie. Kunja taulo uliweke pajani au juu ya kigoda kifupi. Shika kipande cha kuku upande wa pili wa taulo, ili kichwa chake kipite juu yake akikifuata. Kidevu kikigusa taulo tu, sema "Safi!" na mpe kuku pale pale kidevu kilipo. Ukimpa ukiwa umeinua mkono juu, unamfundisha kuinua kichwa.

Rudia mara chache, kisha acha kumwongoza kwa chakula. Kaa kimya na taulo lako, usubiri. Atakutazama, atanusa mkono wako mtupu, pengine atatoa mguu kwa mazoea. Subiri tu. Siku akiweka kidevu kwa hiari yake, mpe vipande kadhaa mfululizo. Kuanzia hapo ongeza muda pole pole: sekunde moja, mbili, tatu, hadi akae kama kumi hivi ametulia.

Akiinua kidevu, usimwite, usimkemee, usimrudishe kwa mkono. Hajakosea. Amesema "subiri kidogo." Ngoja akirudishe mwenyewe. Akiondoka kabisa, kipindi kimeisha na hakuna ubaya. Dakika mbili au tatu kwa siku zinatosha.

Hatua ya 2: Mkono wako

Sasa utaratibu ni huu: kidevu kinatua, mkono wako unasogea, mkono unaondoka, chakula kinafuata. Usipindue. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, ndiye aliyetuonyesha kwamba ishara ikitangulia chakula, mnyama huanza kuitikia ishara yenyewe. Ukimpa kuku kwanza halafu ndipo ushike mguu, kuku anakuwa habari mbaya. Nimewaona mbwa wanaokimbia harufu ya kitafunio kwa sababu hiyo hiyo.

Anzia begani, si kwenye nyayo. Gusa, ondoa, lisha. Akibaki ametulia, shuka hadi kiwiko, kisha juu ya nyayo, kisha kidole, kisha bonyeza ukucha taratibu kwa vidole viwili. Hatua ndogo isiyo na msukosuko inakufikisha mbali kuliko hatua kubwa ya kubahatisha.

Kidevu kikiinuka wakati mkono wako uko mguuni, uachie mguu hapo hapo. Si baada ya kumalizia "hako kadogo." Hapo hapo. Wenye mbwa huniuliza: si atajifunza kukwepa? Mara chache za mwanzo atakujaribu kweli, ainue kichwa uone unafanya nini. Ukiachia kila mara, ataacha kujaribu, kwa sababu ameshapata jibu. Utalisikia badiliko hilo mkononi: mguu uliokuwa umekazwa, ukivutwa nyuma kidogo kila ukiushika, siku moja unakulegea wote na uzito wake. Ukiona hivyo, jua ruhusa ni ya kweli.

Kuna pia ukimya usio ruhusa. Mbwa aliyeganda, mdomo umefungwa kwa nguvu, weupe wa macho unaonekana pembeni, masikio yamelazwa nyuma, hajatulia, amevumilia tu. Rudi hatua mbili nyuma hata kama kidevu bado kiko kwenye taulo. Na akinguruma, mshukuru moyoni na uondoe mkono. Ukiadhibu ngurumo, unabaki na mbwa yule yule mwenye hofu ile ile, ila sasa anauma bila kukutahadharisha.

Kuna atakayekuambia kwamba ukimwachia atajiona yeye ndiye bosi. Dhana hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na maandishi ya mtafiti Rudolf Schenkel ya mwaka 1947 kuhusu mbwa mwitu (wale waitwao "wolf" kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu hao ambaye naye alichangia kuieneza, alieleza mwaka 1999 kwamba porini kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, si uwanja wa kugombea cheo. Mwaka 2021 AVSAB, chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama, kilipendekeza mbwa wote wafundishwe kwa njia ya kuwazawadia, wakiwemo wakali.

Hatua ya 3: Mkasi

Utaratibu haubadiliki. Mkasi ukiwa sakafuni, mkasi ukiwa mkononi, mkasi ukigusa bega, mkasi ukigusa ukucha bila kukata. Sauti yake ifundishe peke yake: kata kijiti kikavu hatua chache kutoka alipo, kisha mlishe. Mbwa wengi huogopa ule mlio kuliko mkasi wenyewe.

Hatua ya 4: Ukucha mmoja

Mmoja tu. Ndani ya ukucha kuna nyama yenye mshipa wa damu na neva, na huko ndiko hutaki kufika. Kwenye ukucha mweupe utaiona kama kivuli cha waridi; kata mbele yake ukiacha nafasi. Kwenye ukucha mweusi huoni kitu, kwa hiyo kata vipande vyembamba sana na kila mara utazame uso uliokatwa. Ukiona kitone cha rangi tofauti kikianza kujitokeza katikati, acha.

Damu ikitoka, chovya ukucha kwenye wanga na ubonyeze kwa utulivu dakika chache. Isipokoma, piga simu kwa daktari. Siku hiyo funga mkasi, na siku inayofuata anza tena na kidevu peke yake.

Ukucha wa kwanza ukishakatwa salama, mpe karamu ndogo na muachane. Kesho mwingine. Kwa mbwa wengi, kuzipunguza kila wiki tatu au nne kunatosha. Zikiwa zimerefuka kupita kiasi, punguza kidogo kidogo mara kwa mara, na ile nyama ya ndani nayo hurudi nyuma taratibu.

Kama hakuna muda wa kusubiri

Kucha zikihitaji kukatwa leo na mbwa hajafika hatua ya nne, ongea na daktari kuhusu dawa ya kumtuliza. Usilitumie taulo lako siku hiyo. Ukimbana hata mara moja akiwa ameweka kidevu pale, taulo linapoteza maana uliyolijengea.

Na kuna mbwa ambao mkasi hawautaki kabisa. Kwa hao bandika msasa kwenye ubao, uuinamishe kidogo, na umfundishe kuukwaruza kwa miguu ya mbele kama anavyochimba. Ficha kuku chini ya kitambaa juu ya ubao, akikikwaruza, "Safi!", kisha ondoa kitambaa. Simama kila baada ya mikwaruzo michache ukague kucha, maana wapo wanaonogewa mpaka wakajichubua. Miguu ya nyuma na ule ukucha wa dole gumba ni vigumu kufikiwa na msasa, kwa hiyo endelea kuvifanyia kazi kwa kidevu na taulo.